Kompyuta inazima ghafla, folda ya Minidump tupu: tatizo ni Windows au umeme?

mzizima_pc

Wakuu habari za jioni. Kila uzi unaohusu kompyuta kuzima ghafla unaishia kwa mtu kuambiwa "tuma dampu tuisome", yaani lile faili ambalo Windows huliandika inapoanguka. Hapa dampu haipo, ndiyo maana naleta swali.

Mashine ni ya mezani: Ryzen 5 5600X, ubao mama wa B550, RAM DDR4 vipande viwili vya GB 16 kwenye XMP (mpangilio wa kuikimbiza RAM zaidi ya kasi ya kawaida) ya 3600, RTX 3070, pawasaplai ya wati 650, SSD ya NVMe ya TB 1 ndiyo C yenye Windows 11, na diski ya kawaida ya TB 2 ndiyo D. Mashine na monita vyote viko kwenye UPS ya 650 VA.

Dalili ziko za aina mbili. Ya kwanza: skrini inakuwa nyeusi, sauti inakatika papo hapo, mashine inajiwasha yenyewe. Hii inatokea hata ikiwa imetulia na kivinjari tu kimefunguliwa. Ya pili inatokea kwenye gemu nzito peke yake: inazima na haijiwashi. Kitufe cha mbele hakifanyi kitu mpaka swichi ya nyuma ya pawasaplai izimwe na kuwashwa tena.

Skrini ya bluu haijawahi kuonekana. Kwenye Event Viewer kuna Kernel-Power 41 na EventLog 6008, basi. C:\Windows\Minidump ni tupu, MEMORY.DMP haipo. Pagefile (faili ambalo Windows hulitumia kama nyongeza ya RAM) iko D ili kuokoa nafasi ya SSD. Windows imeshawekwa upya, draiva za kadi zimefutwa kwa DDU na kuwekwa mpya, hakuna mabadiliko. Ninunue nini kwanza, pawasaplai au RAM?

---

kernel_pwani

Mkuu, shika pesa yako kwanza. Dampu kutokuwepo kuna maana mbili tofauti kabisa, na ukizichanganya utabadilisha vifaa mpaka uchoke. Ama Windows ilianguka, ikajaribu kuandika ikashindwa, ama Windows haikupata hata nafasi ya kujua kuwa kuna jambo. Kwa mpangilio wako wa sasa huwezi kujua ni ipi, kwa sababu ya hiyo pagefile.

Windows inapoanguka, haiandiki faili kwa njia ya kawaida, maana wakati huo haiwezi tena kuamini mfumo wake wa mafaili. Inachukua yaliyo kwenye kumbukumbu na kuyamwaga moja kwa moja juu ya sehemu ya diski inayokaliwa na pagefile.sys, kwenye diski ileile yenye Windows. Mashine ikiwaka tena ndipo yanatolewa humo na kuwa MEMORY.DMP na kale kafaili kadogo ndani ya Minidump. Pagefile ikiwa D peke yake, hakuna pa kumwagia. Angalia kwenye logi ya System kama kuna volmgr yenye namba 46 kila unapowasha. Hiyo ndiyo Windows inakwambia mapema kabisa kuwa haijajiandaa kuandika dampu. Ukikuta volmgr 161, basi ilijaribu wakati wa kuanguka ikashindwa njiani.

Fanya hivi:

Bonyeza Win+R, andika sysdm.cpl, nenda Advanced, kisha Settings ya Performance, Advanced tena, Virtual memory. Rudisha C kwenye "System managed size". D unaweza kuiacha ama kuitoa, haidhuru.

Rudi kwenye Advanced ileile, fungua Settings ya Startup and Recovery. Ondoa tiki ya "Automatically restart". Chini yake chagua "Automatic memory dump". Hii inakupa faili kubwa na dogo kwa pamoja.

Nafasi ya C: kwa kompyuta ya nyumbani, ikibaki chini ya GB 25, Windows huifuta MEMORY.DMP yenyewe. Kama C imebana, nenda kwenye rejista, HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\CrashControl, tengeneza DWORD inayoitwa AlwaysKeepMemoryDump, ipe 1. Hapohapo hakikisha CrashDumpEnabled ni 7. Ikiwa 0, kuna programu ya "kuharakisha kompyuta" imezima kila kitu. Programu za kusafisha diski nazo hufagia Minidump bila kuuliza, hizo zisimamishe kwa sasa.

Ukimaliza, iangushe mashine kwa makusudi. Watu wengi huruka hatua hii na ndiyo yenye thamani kuliko zote. Fungua Command Prompt kama msimamizi:

reg add "HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\kbdhid\Parameters" /v CrashOnCtrlScroll /t REG_DWORD /d 1 /f

Hiyo ni kwa kibodi ya USB; ya PS/2 weka i8042prt mahali pa kbdhid. Washa upya, hifadhi kazi zako, kisha shikilia Ctrl ya kulia na ubonyeze Scroll Lock mara mbili. Itakuja skrini ya bluu (kwenye Windows 11 za karibuni ni nyeusi) yenye MANUALLY_INITIATED_CRASH. Iache ihesabu mpaka 100%, usiguse kitufe cha kuwashia. Ukizima ikiwa 40% umeharibu jaribio. Kibodi isiyo na Scroll Lock, tumia NotMyFault ya Sysinternals.

Dampu ya jaribio ikipatikana, mtambo wa kuandika ni mzima. Kuanzia hapo, ikizima tena bila kuacha dampu, ushahidi unaelekea kwenye vifaa na si kwenye draiva.

---

fundi_waya

Naunga mkono hoja ya kernel_pwani, lakini hiyo dalili ya pili haihitaji kusubiri dampu. Mashine inayozima na kugoma kuwaka mpaka ukate umeme kwa nyuma ni pawasaplai iliyojifunga kwa ulinzi wake wa ndani. Windows haina uwezo wa kufanya hivyo hata ikitaka.

Swali la kwanza: ikizima hivyo, monita inafanyaje? Ikibaki na taa yake na kuandika "No signal", UPS bado inatoa umeme na tatizo liko ndani ya kesi. Monita nayo ikifa kabisa, UPS ndiyo imekata. UPS za 650 VA nyingi hubeba wati 360 hadi 390 tu; 3070 peke yake ni wati 220, prosesa yako inaruhusiwa mpaka 76, ongeza ubao, feni, diski na monita, upo ukingoni. Na UPS nyingine hujipima betri zenyewe kila baada ya muda. Betri ikiwa imechoka, siku hiyo mzigo wote unadondoka.

Swali la pili: kadi imeunganishwa kwa kebo ngapi? Fungua ubavu wa kesi uangalie. Mafundi wengi hutumia kebo moja yenye vichwa viwili mwishoni, kichwa kimoja kinaingia kadi, na kile cha pili kinachoning'inia kwenye waya mfupi wa sentimita chache nacho kinaingia kadi hiyohiyo. Kila kichwa cha pini 8 kimepangiwa wati 150, lakini hapo mkondo wote unapita kwenye waya mmoja na plagi moja upande wa pawasaplai. Weka kebo mbili tofauti kutoka kwenye pawasaplai. Na kama pawasaplai ni ya kebo za kuchomoa, TUMIA KEBO ZAKE ZENYEWE. Kebo ya kampuni nyingine inaweza kuingia vizuri tu, na pini zikawa zimepangwa tofauti. Hapo unaua diski na ubao kwa sekunde moja.

Jaribio lisilogharimu kitu: MSI Afterburner, shusha Power Limit mpaka 70%, cheza gemu ileile. Ikiacha kuzima, tatizo ni umeme unaofika kwenye kadi. Kadi za kizazi hiki huvuta kwa miruko mifupi inayozidi sana wastani wake, na pawasaplai yenye ulinzi mkali au iliyochoka huchukulia mruko huo kama shoti.

Volti za kwenye BIOS usizitegemee sana. Kama una multimeta, pima waya wa njano na mweusi kwenye plagi ya molex gemu ikiwa inaendelea: inatakiwa iwe kati ya 11.4 na 12.6. Ila mruko wa sehemu ndogo ya sekunde multimeta haiuoni, kwa hiyo namba nzuri haiitoi pawasaplai hatiani. Vilevile lile jaribio la kuunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipini: linaonyesha kuwa feni inazunguka, basi. Na pawasaplai yenyewe usiifungue, kapasita zake hubaki na chaji hata ikiwa imechomolewa ukutani.

Ya kujiwasha yenyewe kompyuta ikiwa imetulia sina uhakika ni ileile. Chomoa pia waya wa RESET SW kwenye ubao mama, pini mbili tu, uondoe shaka ya kitufe cha kesi kinachonata. Ni dakika moja.

---

sekta_mbovu

Nyongeza fupi kuhusu SSD, maana huwa inasahaulika. Diski yenye Windows ikipotea ghafla kwenye mfumo, dampu haiwezi kuandikwa kwa sababu diski ya kuandikia ndiyo iliyopotea. Lakini sura yake ni tofauti na ya mleta mada: kipanya kinaendelea kutembea sekunde kadhaa, programu zinaganda moja baada ya nyingine, kisha inakuja skrini ya bluu iliyokwama 0%, mara nyingi CRITICAL_PROCESS_DIED au KERNEL_DATA_INPAGE_ERROR. Ikijiwasha inaingia BIOS kana kwamba haina diski; ukiizima kabisa na kuiwasha, diski imerudi. Kwenye logi tafuta stornvme 11 au 129, na disk 51 au 153. Hizo zikiwepo, kaza upya M.2 na skrubu yake, weka firmware mpya ya SSD, na ondoa Link State Power Management kwenye mpango wa umeme.

Skrini nyeusi ya papo hapo bila kuganda kwanza, hiyo mimi singeilaumu SSD.

Pia angalia C:\Windows\LiveKernelReports. Kadi ya grafiki ikigoma na Windows ikafanikiwa kuifufua, ripoti inakwenda huko kwenye WATCHDOG, haipiti Minidump.

---

kernel_pwani

Kweli kabisa, na nimsaidie mleta mada kusoma hiyo 41, maana jina lake la Kernel-Power linawapotosha wengi. Haisemi umeme ulikatika. Inasema tu kwamba Windows imewaka na kukuta haikuzimwa vizuri mara ya mwisho. Fungua tukio lenyewe, Details, kisha angalia sehemu mbili:

BugcheckCode. Ikiwa si 0, Windows ilianguka yenyewe na hiyo namba ndiyo kosa, ila imeandikwa kwa mfumo wa kumi. Badilisha kwenda heksa: 159 ni 0x9F, mara nyingi draiva na usingizi wa kompyuta, 278 ni 0x116, kadi ya grafiki, 292 ni 0x124, vifaa.

PowerButtonTimestamp. Ikiwa si 0, kuna kidole kilishikilia kitufe, au kitufe kimekwama.

Zote mbili zikiwa 0, mashine ilikatika au ilirisetiwa bila Windows kuambiwa. Ila hiyo 0 ya BugcheckCode iamini baada ya jaribio la dampu kufaulu, si kabla.

Kuvuta zote kwa mpigo, PowerShell:

Get-WinEvent -FilterHashtable @{LogName='System'; Id=17,18,19,41,46,161,1001,6008} -MaxEvents 40 | Format-List TimeCreated,ProviderName,Id,Message

Namba nyingine hapo hutumiwa na programu tofauti, kwa hiyo angalia ProviderName. Tunayoitafuta sana ni WHEA-Logger, rekodi ya makosa ya vifaa. Hiyo hutoka kwenye prosesa yenyewe: kosa zito likitokea, rekodi inabaki kwenye vifaa na Windows inaisoma ikiwaka. Kwa hiyo saa yake itakuwa ya baada ya kuwaka, si ya wakati wa kuzima. Wengi huipita wakidhani haihusiki.

Washa pia HWiNFO64, sehemu ya Sensors, bonyeza kitufe cha kurekodi kwenye faili la CSV. Mstari wa mwisho ndio picha ya sekunde za mwisho: joto, volti, kasi ya kila kiini (core) cha prosesa.

---

mzizima_pc

Asanteni sana wakuu. Majibu haya hapa:

Volmgr 46 ilikuwepo kila mashine ilipowashwa. Baada ya kurudisha pagefile C haipo tena, na jaribio la Scroll Lock limeacha dampu nzuri tu.

Monita hubaki na "No signal", kwa hiyo UPS haikati. Kadi ilikuwa na kebo moja ya vichwa viwili. Sasa ni kebo mbili, zote za pawasaplai yenyewe. Kwa Power Limit ya 70% gemu haijazima tena.

Ila ile ya kujiwasha ikiwa imetulia bado ipo, RESET SW ikiwa imechomolewa. Hakuna dampu. Kwenye 41, BugcheckCode 0 na PowerButtonTimestamp 0. Kuna WHEA-Logger 18, "Cache Hierarchy Error", Processor APIC ID 4 (namba ya kutambulisha kiini), na ukirudi nyuma kwenye logi ziko nyingine, karibu zote APIC ID 4. Mstari wa mwisho wa HWiNFO: prosesa nyuzi 43, volti 12.096, kiini kimoja kiko 4.8 GHz vingine vimelala.

Kwenye BIOS nimekuta PBO, ya kuisukuma prosesa zaidi ya kawaida, imewashwa na +200 MHz, na Curve Optimizer ni Negative 25 kwa viini vyote. Aliyeifunga mashine ndiye aliyeiweka hivyo.

---

kernel_pwani

Basi una matatizo mawili, na kila moja lilikuwa linalificha mwenzake.

La kutulia ni hiyo Curve Optimizer. Negative 25 maana yake kila kiini kinapewa volti pungufu kwa kasi ileile, na +200 inakitaka kikimbie zaidi ya kawaida. 5600X kiwandani mwisho wake ni 4.6. Mashine ikiwa na mzigo mzito, viini vyote vinafanya kazi, kasi inashuka, volti inatosha. Ikiwa imetulia, kiini kimoja kinaamshwa ghafla kufungua ukurasa, kinaruka mpaka kilele chake na hapo volti ya kukitosha haipo. Ndiyo maana unaweza kuendesha Prime95 usiku kucha kwa viini vyote isizime, ukiacha kompyuta imetulia inazima. APIC ID kujirudia inamaanisha kuna kiini kimoja dhaifu kuliko wenzake. Wengine huenda wanavumilia 25, hicho hakivumilii.

Rudisha BIOS kwenye hali ya kiwandani, Curve Optimizer 0, PBO uizime. XMP pia iache imezimwa kwa sasa, RAM ikimbie kasi yake ya kawaida. Itumie hivyo. Ikitulia, rudisha XMP kwanza peke yake, upitishe MemTest86 mizunguko minne bila kosa hata moja. Ukitaka Curve Optimizer tena, iweke kiini kimoja kimoja na upime kwa CoreCycler, ambayo inaendesha Prime95 kwenye kiini kimoja kwa zamu. Kupima vyote kwa pamoja hapa hakusaidii kitu.

Ikizima kwa WHEA 18 huku kila kitu kikiwa cha kiwandani: BIOS mpya ya ubao, kisha Power Supply Idle Control uiweke "Typical Current Idle". Hiyo inasaidia pawasaplai ambazo hazipendi mashine inapovuta umeme mdogo mno. Ikiendelea na APIC ID ileile, hapo ni prosesa. Iliyouzwa kwenye boksi ina dhamana ya AMD ya miaka 3, na mpangilio wa kiwandani ndio watakaouuliza kwanza.

---

fundi_waya

Upande wa gemu bado hujafika. Umebadilisha vitu viwili pamoja, kebo na Power Limit, kwa hiyo hatujui kipi kimeponya. Acha kebo mbili, rudisha Power Limit 100%, BIOS ikiwa ya kiwandani. Ondoa kikomo cha fremu uingie kwenye menyu ya gemu. Menyu ambako fremu zinapanda mpaka mamia ni mahali pazuri pa kuona miruko ya kadi kuliko vita vyenyewe.

---

mzizima_pc

BIOS ya kiwandani imetuliza ile ya kujiwasha. Hakuna WHEA mpya na mashine imeachwa imewaka usiku na mchana. XMP imerudi na MemTest86 imepita.

Gemu: 100% na kebo mbili, imezima kwenye menyu kama ulivyosema, na imegoma kuwaka mpaka swichi ya nyuma. 85% inavumilia.

---

fundi_waya

Basi kebo haikuwa yenye kosa. Kabla ya kununua, azima pawasaplai nyingine nzuri ujaribu kwa 100%, kwa sababu shoti ndani ya kadi nayo inaweza kuifunga pawasaplai. Kwa kuwa 85% inavumilia, mimi naweka dau kwa pawasaplai. Nvidia wenyewe wanapendekeza wati 650 kwa 3070, lakini hiyo inachukulia kuwa 650 zilizoandikwa ubavuni ni za kweli. Soma kibandiko: mstari wa +12V uwe na ampea zisizopungua 50 hivi. Nyingi za bei rahisi zina 38 au 40 hapo, zilizobaki wamezijumlisha kutoka 5V na 3.3V ambazo kompyuta ya leo haizitumii sana.

Ukinunua, chukua ya wati 750 iliyoandikwa ATX 3.0 au 3.1, kiwango hicho kinaitaka ivumilie mruko wa mara mbili ya wati zake kwa maikrosekunde 100. Dhamana ya miaka ya maana, na uiangalie risiti kabla ya kuondoka dukani.

UPS nayo ipumzishe. Mashine hii ikihamia kwenye betri gemu ikiwa imepamba moto, 650 VA itapiga kelele na kukata. Nenda kwenye 1200 VA kwenda juu, lakini usome wati, si VA, na uliza kama wimbi lake ni la saini kamili (pure sine wave). Kwa sasa monita ibaki kwenye UPS, kompyuta ichomeke ukutani kupitia stabilaiza mpaka pawasaplai ijulikane.